Mtumbwi Mmoja, Vijiji Viwili
Maneno yetu mbele ya wajumbe wa kamati za amani, Baraka, Fizi



Mmetuomba tueleze habari ya mashindano ya mitumbwi. Tutaanza na kosa letu. Mara ya kwanza tulishindanisha kijiji na kijiji, tukidhani mchezo wenyewe utaleta upatano. Mitumbwi miwili ikafika karibu sawa, watu ufukweni wakagombana ni nani wa kwanza, na mawe yakaokotwa. Siku ile tuliwapa watu sababu mpya ya kuchukiana, na soda tuliwanunulia sisi wenyewe.

Hali ya hapa mnaifahamu. Mwaka 2005 HCR ilianza kuwarudisha ndugu zetu kwa meli kutoka Kigoma. Wengi walikuwa kambini Tanzania tangu 1996, na wako waliokuta mashamba yao yanalimwa na waliobaki. Kesi hizo zinatutesa hadi leo.

Basi mara ya pili tukaweka wawili katika kila mtumbwi: mmoja wa familia iliyorudi, mmoja wa familia iliyobaki. Kijana mmoja alikataa katakata kukaa mbele. Tulidhani ni kiburi. Baadaye akasema wazi: "Huyu siwezi kumpa mgongo." Baba zao walikuwa na kesi ya shamba moja.

Hilo hatukuwa tumeliwaza. Katika mtumbwi wa wawili, wa mbele ndiye anayetoa mwendo. Wa nyuma anamfuata na kuongoza kwa kafi. Wa mbele hamwoni mwenzake kabisa, anamsikia tu.

Hatukumlazimisha. Mwenzake alikubali kukaa mbele, wakaanza mazoezi kwenye maji ya polepole ya Mto Mutambala, pale wavuvi walipotuonyesha, kisha ziwani. Siku za kwanza mtumbwi ulikuwa unazunguka tu, maana kila mmoja alivuta kwa nguvu zake. Wiki ya pili tuliwakuta wamebadilishana nafasi. Hakuna aliyewaambia.

Walimaliza wa nne. Kesi ya shamba haijakwisha, tusidanganyane. Lakini baba zao wote wawili walikuja ufukweni siku ile, na mwezi uliofuata walikubali kwenda kutembea mpaka wa shamba pamoja na wazee.

Kwa atakayejaribu kwake: fanyeni asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka. Mita 500 zinatosha, tena kando ya ufuko. Kila mtu avae jaketi la kuokolea, hata yule anayejisifu kuogelea. Mdomo wa mto muuepuke kwa sababu ya mamba na viboko. Wageni wametuuliza kwa nini hatutumii kayaki, zile za kafi lenye bapa huku na huku. Ni nyepesi na zinakimbia, ila mtumbwi wetu ukipasuka, fundi yupo hapahapa.

Mitumbwi tunayo sita. Kamati inayotaka kuazima itujulishe mapema, na ije na makafi yake.