Mkaa wa Gumbo

Wahubiri wa maisha ya vitu vichache kwa ajili ya mazingira wakivuka Nile hadi Gumbo, upande wa mashariki wa Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, watakosa wa kumhubiria. Familia zilizokimbilia kwenye misheni ya Kikatoliki ya Wasalesiani huko baada ya vita kuzuka Desemba 2013 hazikuhitaji somo la kupunguza samani.

Kama kweli tunajali mazingira, tuzungumzie mkaa. Jijini Juba vyungu vingi hupikwa kwa mkaa au kuni, na miti ya eneo linaloizunguka, Ikwatoria, ndiyo inayolipa. Jiko la bati lenye udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, hula mkaa kidogo kuliko la bati tupu. Maharage yaliyolowekwa usiku huiva mapema. Kufunika sufuria, bure kabisa.

Mama wa Gumbo anayajua haya. Anayenunua mkaa kwa kopo hahitaji semina! Anachokosa ni fedha za jiko bora kwa mkupuo. Mashirika yangemkopesha, akalipa kidogo kidogo kwa kile anachookoa kwenye mkaa, kabla hayajachapisha bango jingine la kampeni.