JAJI MWENYE HISA NDANI YA KESI

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama wa karakana katika mkutano wa tawi)



Halmashauri imeniomba niseme machache juu ya jambo lililoleta maneno mengi huku karakana: Je, mtu wa kawaida aweza kumwomba jaji ajitoe katika kesi? Wako wasemao kwamba huo ni utovu wa adabu. Wako wasemao kwamba jaji atakasirika nawe utashindwa. Mimi si wakili, ni fundi wa mabehewa. Lakini nimesoma habari hizi, na haya ndiyo niliyoyaona.

Wazee wetu walisema, kesi ya nyani usimpelekee ngedere. Sheria ya Waingereza, ambayo mahakama zetu zilirithi, yasema vivyo hivyo: mtu asiwe mwamuzi wa shauri lake mwenyewe.

Zamani kule Uingereza, kabla reli haijaenea, mizigo mingi ilikwenda kwa mashua katika mifereji. Kampuni moja, Grand Junction Canal, iligombana na Bwana Dimes kwa sababu ya ardhi ambamo mfereji ulipita. Jaji wa kwanza akaipa kampuni haki. Rufani ikafika kwa Lord Cottenham, aliyekuwa Lord Chancellor, yaani mkubwa wa majaji. Naye akaithibitisha hukumu ile. Halafu ikajulikana ya kwamba Lord Cottenham alikuwa na hisa za maelfu ya pauni katika kampuni hiyo hiyo!

Mwaka 1852 House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa siku hizo, iliifuta hukumu ya Lord Cottenham. Sikilizeni vizuri, ndugu zangu. Hawakumwita mla rushwa. Walisema hakuna mtu adhaniye kwamba hisa zile zilimgeuza moyo. Hata hivyo hukumu ilifutwa, maana mwenye hisa hakupaswa kukaa katika kiti kile.

Je, Bwana Dimes alishinda? La. Hukumu ya yule jaji wa kwanza, asiyekuwa na hisa, ilichunguzwa ikaonekana ni sawa, na kampuni ikashinda. Basi tujue: kumwomba jaji ajitoe hakukupi ushindi. Kunakupa mizani iliyo sawa tu.

Mtu ataniuliza, na kama jaji hana fedha ndani yake? Mwaka 1998 Pinochet, mtawala wa zamani wa Chile, alikamatwa London. Tarehe 25 Novemba majaji watatu kati ya watano walisema hana kinga. Chama cha Amnesty International kiliruhusiwa kusema katika kesi hiyo kumpinga. Baadaye ikajulikana kwamba Lord Hoffmann, mmoja wa wale watatu, alikuwa mwenyekiti wa shirika la hisani la Amnesty. Hakulipwa hata senti. Lakini tarehe 17 Desemba hukumu ile ilifutwa. Majaji saba wengine waliisikiliza kesi upya, na mwezi wa Machi 1999 sita wakasema hana kinga, ingawa mashtaka mengi yalipunguzwa. Watu wengi waliteswa na kuuawa katika utawala wa Pinochet. Lakini hata mtu asiyependwa ana haki ya mwamuzi asiye na upande. Ikinyimwa yeye leo, kesho itanyimwa mimi na wewe.

Hapa Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 50, yampa kila mtu haki ya kusikilizwa na mahakama huru isiyopendelea. Ombi la kujitoa hupelekwa kwa jaji yule yule. Swali lake ni hili: mtu mwenye akili timamu, ajuaye mambo yote ya kesi, angeona kuna hatari ya upendeleo? Hofu ya moyo wako peke yake haitoshi.

Basi shikeni mambo matatu. Kwanza, sema mapema. Breki hupimwa stesheni, hazipimwi katikati ya mteremko. Ukijua neno, ukanyamaza mpaka ushindwe, utaambiwa ulikubali. Pili, leta ushahidi: udugu, hisa, deni, kazi aliyoifanya zamani. Porojo za hotelini uziache huko huko. Tatu, usiombe kwa sababu tu jaji alikukatalia neno jana. Hakuna ruhusa ya kuchagua jaji kama uchaguavyo kiti cha dirishani.

Tena mambo haya hayako mahakamani tu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, yasema mfanya kazi asikilizwe kabla ya kufukuzwa kwa kosa, akiwa na mwenzake au mjumbe wa chama. Nimeona msimamizi aliyeandika mashtaka, akatoa ushahidi, kisha akakaa kichwani pa meza kuamua. Mjumbe wetu asinyamaze siku hiyo. Aseme kwa heshima: "Bwana, wewe ni shahidi, tunaomba aamue mwingine." Na neno hilo liandikwe.

Sasa nafika kwetu wenyewe, na hapa pana uchungu kidogo. Mwezi ujao Halmashauri itasikiliza malalamiko juu ya fedha za mazishi. Wote twajua kwamba mjumbe mmoja ni shemeji yake mlalamikiwa. Simshitaki kwa lo lote. Ni mtu mwaminifu. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake, na hata asipovuta, watu watasema amevuta. Atakayeumia ni mjane anayengoja fedha zile, na chama kitakachopoteza imani ya wanachama.

Kwa hiyo natoa shauri: mjumbe ye yote mwenye udugu, deni au faida katika jambo aseme kabla halijafunguliwa, atoke nje, na iandikwe katika kitabu cha mkutano. Naomba ndugu Mwenyekiti alipigie kura leo hii, kabla hatujajua kura ya mwezi ujao itamwangukia nani.