Je, Kongosho Lililokufa Laweza Kuchipua Tena?

(Hotuba kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Daudi)



Nimepewa robo saa. Mimi si daktari. Nilisoma baiolojia Chuo Kikuu, kisha kazi ya serikali ikanipeleka kwenye mafaili. Lakini jambo hili nalifuatilia kwa sababu ya mwenzetu mmoja wa kidato cha pili ambaye baadhi yenu mnamkumbuka. Alikunywa maji usiku kucha, akakonda, akawa anakojoa kitandani. Tulimpa jina la utani, na aliyelitunga ni mimi. Alikwenda likizo, hakurudi. Miaka baadaye mhadhiri alitaja dalili za kisukari moja baada ya nyingine, nami nikaweka kalamu chini.

Kongosho limejificha nyuma ya mfuko wa chakula. Ndani yake mna vifungu vya seli vipatavyo milioni moja, alivyovieleza Mjerumani Paul Langerhans mwaka 1869. Humo seli za beta hutengeneza insulini, ambayo huifungulia sukari mlango wa kuingia katika misuli. Katika kisukari cha aina ya kwanza, ambacho huwashika zaidi watoto na vijana, askari wa mwili wenyewe huziua seli hizo. Ilikuwa hukumu ya kifo hadi Januari 1922, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alipochomwa insulini huko Toronto.

Ini likikatwa kipande hukua tena. Seli za beta huzaana utotoni, kisha karibu ziache kabisa. Basi wataalamu wakageukia vichochezi vya ukuaji, yaani protini zinazoiamuru seli kukua na kugawanyika. Ugunduzi wake uliwapatia Stanley Cohen na Rita Levi-Montalcini Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Kwa panya mambo yalitia moyo. Mwaka 2013 wataalamu wa Harvard walitangaza homoni waliyoiita betatrofini, na watu wakashangilia. Wengine walirudia jaribio wasiyaone matokeo yale. Wenyewe wakarudia pia, na mwaka 2016 wakaifuta makala yao. Kwa hilo nawaheshimu kuliko kwa tangazo lao.

Sisi watoto wa wakulima tunaelewa ugumu ulipo. Mbolea haichagui: hustawisha mahindi na magugu pia, na kichochezi cha ukuaji chaweza kustawisha saratani. Tena mbuzi walioyala mahindi ya kwanza bado wamo shambani. Kila kinachochipua watakila.

Mwaka 2025 ilitangazwa njia nyingine, ya kupanda miche badala ya kutia mbolea. Seli shina zililelewa maabara hadi zikatoa insulini, wakapandikizwa wagonjwa. Kati ya 12 waliopata dozi kamili, 10 hawakuhitaji sindano baada ya mwaka mmoja. Lakini mbuzi ilibidi wafungwe kamba: wagonjwa hao humeza dawa za kudhoofisha kinga ya mwili, nazo zina hatari zake.

Nayasema haya kwa sababu katika minada yetu zinauzwa chupa za “kufufua kongosho”. Jamaa yangu alinunua moja akaacha sindano. Siku ya tatu tulimbeba akihema kama aliyepanda mlima, harufu ya matunda mabovu kinywani. Alipona, namshukuru Mungu. Sasa insulini yake hukaa ndani ya chungu chenye maji, mdomo wa kichupa ukiwa umefungwa vizuri, kwa kuwa nyumbani hakuna jokofu.

Viranja wa mabweni, mkimwona mwenzenu anayekunywa maji, kukojoa na kukonda hivyo, mpelekeni akapimwe sukari siku hiyohiyo. Ni tone la damu tu. Nimekuja na kipimo. Nitakuwa chini ya mti ule hadi saa kumi, na atakayekuja wa kwanza nitampima mbele yenu.