Kichocho, Degedege na Juliana: Majina ya Zamani ya Magonjwa Ukanda wa Ziwa

Mvuvi wa Kayenze au Igombe, kwenye ufuko wa Ziwa Victoria huku Mwanza, akiambiwa zahanati kuwa ana kichocho, huenda akabisha. Hajawahi kukojoa damu, na kwa Waswahili wengi kichocho ndicho hicho: damu kwenye mkojo.

Anayebisha ana hoja. Ukiacha ziwa ukaingia bara, kuelekea Kwimba na Shinyanga, ugonjwa unaoshika watu kwenye malambo na madimbwi ya mvua ni kichocho cha kibofu, na damu huonekana kweli. Ufukweni ni mnyoo mwingine, aina ya mansoni, ambao hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo. Mayai yake hutoka na kinyesi, mengine hukwama kwenye ini na kulikaza taratibu kwa miaka. Mwisho wake ni tumbo kujaa maji na mgonjwa kutapika damu. Hapo nyumbani hakuna anayetaja kichocho tena. Wengine hunong'ona kwamba karogwa. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo ya aina zote mbili, lakini mtu hamezi dawa ya ugonjwa anaoamini hana.

Jina moja, minyoo miwili. Kinyume chake kipo pia: matende na mabusha ni majina mawili, na kila moja lina aibu yake, ilhali mguu uliovimba na korodani zilizojaa maji huweza kuletwa na mnyoo mmoja unaoenezwa na mbu. Mwanza inaufahamu mnyoo huo vizuri kuliko miji mingi, maana kituo cha utafiti ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kilianzishwa hapa mwaka 1949 kwa ajili yake.

Wazee walitaja walichokiona. Waingereza nao walifanya vivyo hivyo: orodha zao za vifo za karne ya 17 zilihesabu kujaa maji mwilini kuwa ugonjwa kamili, wakati daktari wa leo huona humo dalili ya moyo, figo au ini. Hata malaria ni neno la Kiitaliano la hewa mbaya, na limebaki hivyo ingawa Ronald Ross alimkuta mdudu wake ndani ya mbu mwaka 1897.

Mara nyingine jina la mtaani hulenga shabaha. Homa ya papasi inamtaja mhusika waziwazi, yule kupe wa kwenye nyufa za nyumba za udongo. Robert Koch alipoichunguza homa hiyo katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1905, aliyemkuta na hatia ni papasi huyohuyo.

Degedege ndilo jina linalodai uangalifu zaidi. Mtoto hukakamaa, macho yakageuka, na jina lenyewe humpeleka mzazi kwenye habari za ndege na pepo. Mara nyingi ni malaria kali. Utafiti uliofanywa sehemu mbalimbali za Tanzania umewakuta wazazi wanaoamini kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa, hivyo huanzia kwa mganga wa kienyeji. Saa zinazopotea huko ndizo zinazoua.

Halafu kuna Juliana. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na watu wa huko wakauita ugonjwa huo kwa jina la nguo za fasheni zilizokuwa zikiingia na wafanyabiashara wa mpakani. Jina halikusema lolote kuhusu kirusi. Lilisema mengi kuhusu nani alishukiwa: mwenye fedha, msafiri, mwanamke aliyependeza. Lawama ya namna hiyo hudumu kuliko nguo yoyote.

Kwa hiyo makala hii haiombi majina ya zamani yafutwe. Inaomba yaulizwe. Mhudumu wa zahanati ya ufukweni amwachie mgonjwa autaje ugonjwa kwa jina la kwao, aliandike kwenye kadi kando ya jibu la maabara, kisha amweleze pale yanapotofautiana. Na wanaoandaa mabango ya kichocho kwa ajili ya mialo ya Mwanza waanze kwa kuandika kwamba kichocho cha ziwani hakisubiri damu kwenye mkojo.