Usafi wa Madumu na Chupa za Pombe ya Ndizi



Mpishi wa pombe ya ndizi huvundika ndizi hadi ziive, huzikamua kwa majani, kisha huongeza unga wa mtama uliokaangwa. Kazi hiyo ya siku kadhaa huweza kuharibiwa na dumu moja lisilooshwa vizuri.

Mashapo yanayobaki chini ya dumu ni makao ya vijidudu. Katika miaka ya 1860, mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, alithibitisha kwamba vijidudu ndivyo vinavyogeuza mvinyo kuwa siki. Pombe ya ndizi nayo huchachuka hivyo. Wanywaji huikataa, na fedha ya sare za shule hupotea.

Hasara ya afya ni kubwa zaidi. Maji ya ndizi yasiyochacha bado hunywewa na watoto, nayo hayana ukali wa kuzuia vijidudu. Mwaka 2015 kipindupindu kiliua watu Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, katika mkoa huu huu wa Kigoma. Ugonjwa huo huenezwa na maji machafu, yakiwemo ya kusuuzia vyombo.

Usafi una hatua mbili: kuondoa uchafu, kisha kuua vijidudu. Ya pili haifai kitu bila ya kwanza.

Dumu lisuuzwe mara linapokwisha pombe, kabla mashapo hayajakauka. Lisuguliwe kwa sabuni na brashi laini, pamoja na mfuniko wake, ambao husahauliwa mara nyingi. Chupa ya kioo yaweza kutikiswa na kokoto ndogo na maji ya sabuni. Dumu la plastiki lisitiwe kokoto, kwani mikwaruzo huficha vijidudu.

Baadaye itumike dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio. Chupa ya kioo yaweza kutiwa maji ya moto, baada ya kupashwa kwanza kwa maji ya uvuguvugu isipasuke. Chombo kiinamishwe juu ya kichanja hadi kikauke.

Dumu lililowahi kutiwa dawa ya tumbaku au pamba halisafishiki, kwa maana plastiki hufyonza sumu. Litobolewe, asije mwingine akalitumia.

Mwenye shaka na amwone afisa afya wa kata. Dumu likinuka pombe ya jana, bado halijawa safi.