Faili Yako Ikihamia Kwenye Kompyuta: Mazungumzo na Wakazi wa Funzi

Haya ni maneno ya afisa wa habari wa kaunti katika kikao na wakazi wa kisiwa cha Funzi kuhusu rekodi za afya za kielektroniki. Tunayachapisha kwa faida ya wakazi wote wa Kwale.

Najua maji hayamngoji mtu na wapo wenye nyavu za kutoa, kwa hivyo nitajitahidi kuwa mfupi ili tupate nafasi ya maswali.

Mimi si daktari, ni mtu wa habari. Nimekuja na afisa wa kliniki ambaye atajibu ya matibabu. Langu ni kueleza neno ambalo mmeanza kulisikia redioni na hospitalini, yaani rekodi za afya za kielektroniki, na kusema lina faida gani kwa mtu wa Funzi na ni wapi panapotakiwa macho.

Tuanze na mama mjamzito. Habari zake za afya ziko wapi leo? Nyingine ziko kwenye kitabu cha mama na mtoto alichokiweka kabatini. Nyingine ziko kwenye rejista ya zahanati, lile daftari kubwa ambalo halitoki mle ndani. Na kama aliwahi kulazwa Msambweni, kuna faili huko kwenye rafu. Sasa uchungu umemshika usiku. Watu wanahangaika na boti, wanavuka hadi Bodo, wanatafuta gari, wanafika hospitali ya rufaa ya Msambweni. Kitabu kimesahaulika nyumbani, au kimelowa. Muuguzi anaanza upya: mimba ya ngapi hii? Kundi lako la damu? Presha ilikuwa ngapi mara ya mwisho? Uliwahi kujifungua kwa upasuaji? Anayejibu ni mama mwenye uchungu, au shemeji aliyemsindikiza. Na swali hilo la upasuaji ni zito, kwa sababu kovu la zamani kwenye mji wa mimba linaweza kuachia wakati wa uchungu. Si jambo la kumwachia shemeji akisie.

Rekodi ya kielektroniki ni faili ile ile, lakini imewekwa mahali ambapo muuguzi wa Msambweni anaweza kuisoma kabla boti haijatia nanga Bodo. Hiyo ndiyo maana yake yote. Maneno mengine mtakayosikia kwenye semina ni mapambo.

Wengine mtaniuliza, mbona tangu zamani tunaona kompyuta hospitalini? Kweli. Tangu 2011 Kenya nzima hutuma ripoti za kila mwezi za vituo vya afya kwa mfumo wa mtandaoni unaoitwa DHIS2. Lakini ule unahesabu tu. Unajua watoto wangapi walichanjwa mwezi huu, haumjui mtoto wako. Kliniki za watu wanaotumia dawa za ARV zimekuwa na mfumo wao unaoitwa KenyaEMR, na huo ndio unaomfuata mgonjwa mmoja mmoja. Kinachotafutwa sasa ni kila mgonjwa awe na faili ya namna hiyo, na vituo viweze kusomeana.

Jambo hili halikutoka ng'ambo likaletwa kwetu. Februari 2001, katika kituo cha afya cha vijijini cha Mosoriot, kule Nandi, watu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani waliweka mfumo wa rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta mbili tu, zikisaidiwa na umeme wa jua stima inapopotea. Daktari aliendelea kuandika kwenye fomu ya karatasi, karani akaingiza kwenye kompyuta. Walipopima muda kabla na baada, walikuta mgonjwa anamaliza ziara yake kwa muda uliopungua asilimia 22. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa programu ya OpenMRS, ambayo leo inatumika katika nchi nyingi, na hata KenyaEMR imejengwa juu yake. Kwa hivyo mtu akikuambia mambo haya ni ya hospitali kubwa za Nairobi peke yake, mwambie mwanzo wake ni kijijini, na mashine mbili.

Sasa kwa wavuvi. Nyinyi ndio mnaonifanya niamini kwamba kisiwa hiki kinauhitaji mfumo huu kuliko mji. Msimu ukigeuka mnakwenda dago, mwezi, miezi mitatu. Mtu aliye kwenye dawa za kifua kikuu anatakiwa kumeza dozi miezi sita bila kukatiza. Akiwa dago mbali na nyumbani, kituo cha huko hakimjui. Ama arudi, ama aanze kueleza upya, ama, na hili ndilo hutokea, aache dawa kwa sababu amepata nafuu. Dawa ikikatizwa, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu. Faili inayoonekana kila kituo ingemwambia muuguzi wa huko: huyu amefikisha mwezi wa nne, mpe zake aendelee na bahari.

Lakini ili faili imfuate mtu, lazima mashine imjue mtu ni nani. Hapa kwetu mjukuu hupewa jina la babu. Ukiita Hamisi Juma kliniki, wanainuka wanaume watatu, na wawili ni wa ukoo mmoja. Wapo wazee ambao vitambulisho vyao vinasema walizaliwa Januari 1, kwa kuwa tarehe halisi haikuandikwa popote. Kwa hivyo jina halitoshi. Mifumo ya sasa, ikiwemo ya SHA iliyoanza Oktoba 1, 2024 mahali pa NHIF, inategemea namba ya kitambulisho, na hospitalini huongezewa alama za vidole. Mkichanganyiwa faili na wajina wako, unaweza kupewa dawa ya mwenzio. Karani akikuuliza namba mara ya pili, usikasirike.

Na hapa pana jambo ambalo mimi binafsi naliona kuwa gumu kuliko mengine yote. Pwani yetu hii ina watu waliokaa vizazi bila kitambulisho. Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 ndipo wakatambuliwa. Wapemba wametambuliwa kuwa raia mwaka 2023 tu. Wengi wamepata karatasi zao, wengine bado wanafuatilia. Mfumo unaomjua mtu kwa namba ya kitambulisho unaweza, bila mtu yeyote kukusudia, kumfanya asiye na namba aonekane hayupo. Haki ya afya iko kwenye kifungu cha 43 cha Katiba, na kinasema kila mtu. Asiye na kitambulisho aje atibiwe, na faili yake ifunguliwe kwa namba ya kituo. Mtoto naye asajiliwe kwa cheti cha kuzaliwa mapema, msingoje aanze shule. Mzee wa kijiji, wewe unawajua wasio na karatasi. Tunaomba utusaidie kuwafikisha kwa chifu.

Nije kwenye siri. Kisiwa ni kidogo. Mtu akikohoa upande huu, upande wa pili wanampa pole. Najua wapo wanaovuka kwenda kliniki ya mbali kwa makusudi, ili jirani asijue wamefuata dawa gani. Je, faili ikiwa kwenye kompyuta, si kila mtu ataisoma?

Kwa sheria, hapana. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka habari za afya katika kundi la data nyeti, na anayezishughulikia ni mhudumu wa afya au mtu aliyefungwa na wajibu wa kutunza siri. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 imeongeza masharti ya jinsi habari hizo zinavyohifadhiwa na kupelekwa kutoka kituo hadi kituo. Una haki ya kuambiwa habari zako zinatumiwa kwa kazi gani, haki ya kuziona, na haki ya kutaka kosa lisahihishwe. Ukidhulumiwa, kuna ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ya kupeleka malalamiko.

Sheria ni jambo moja, dawati la kliniki ni jingine. Daftari la karatasi likisomwa na asiyehusika halisemi. Kompyuta iliyowekwa vizuri husema: huandika nani alifungua faili ya nani, siku gani, saa ngapi. Lakini ulinzi huo unakufa pale wafanyakazi watano wanapotumia neno la siri moja, limebandikwa kwenye kioo cha mashine. Mkiona hivyo, semeni kwa msimamizi wa kituo. Semeni vilevile mkiona skrini imegeuziwa benchi la wanaongoja.

Na nisiwadanganye kwamba mashine haikosei. Uingereza ilianza mwaka 2002 mpango wa mabilioni ya pauni wa kuunganisha hospitali zake, na mwaka 2011 serikali ikatangaza kuuvunja. Ulipangwa kutoka juu, madaktari na wauguzi wakaletewa bila kuulizwa vya kutosha. Marekani, Idara ya Masuala ya Wanajeshi Wastaafu ilianza mfumo mpya Oktoba 2020 katika hospitali yake ya Spokane. Mkaguzi wa idara hiyo aliripoti mwaka 2022 kwamba maagizo zaidi ya 11,000 ya madaktari, ya vipimo na rufaa, yalikwenda kwenye foleni ya kompyuta ambayo hakuna aliyekuwa akiiangalia. Daktari alibonyeza, akaamini imefika. Wagonjwa wasiopungua 149 walidhurika. Na hizo ni nchi zenye fedha.

Ndiyo maana nawaomba wauguzi mlio hapa: rufaa ya mama mwenye uchungu, tumeni kwa kompyuta, halafu pigeni simu. Msikie sauti ya mtu Msambweni ikisema tumeipata. Nawaomba akina mama nanyi msitupe kitabu cha kliniki. Stima inapotea, mtandao unakatika, hasa mvua za masika zikishuka. Programu nyingi zinaweza kuhifadhi kazi kwenye mashine na kuituma mtandao ukirudi, lakini mgonjwa wa saa nane usiku hangoji mtandao.

Kuna wahamasishaji wa afya ya jamii pia. Tangu Septemba 2023 zaidi ya 100,000 nchini walianza kupewa simu na vifaa vya kupimia. Akija nyumbani akaanza kubofya simu mbele yako, hachati. Anaandika habari za nyumba yako, na una ruhusa kumuuliza: unaandika nini hapo? Nisomee. Akisoma mtoto amechanjwa sindano ambayo hajachanjwa, mrekebishe hapo hapo, kwa sababu kosa kwenye daftari hubaki kwenye daftari, bali kosa kwenye mfumo husafiri nawe hadi Mombasa.

Kabla hamjaondoka, pale mezani kuna mwenzetu anayewasaidia ambao hawajajisajili na SHA. Unaweza kujisajili mwenyewe kwa kubonyeza *147# kwenye simu yoyote, hata kadogo. Njoo na kitambulisho. Asiye nacho aje pia, tuandike jina lake na la mzee wa kijiji chake tujue pa kuanzia.

Upande wangu nimemaliza. Nimeona mikono tayari. Mama mwenye leso ya buluu, wewe uliinua tangu nilipotaja siri, karibu uulize.