Maji ya Yeriko na Maji ya Shule

Asubuhi hii twataka kufikiri pamoja juu ya jambo ambalo huenda hamkulitazamia katika mazungumzo haya, yaani maji wanayokunywa watoto wetu shuleni.

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 2, kuanzia aya ya 19, twasoma habari za watu wa Yeriko waliomwendea nabii Elisha. Mji wao ulipendeza, nao walisema hivyo. Lakini walikiri pia kwamba maji yake yalikuwa mabaya, na nchi haikuweza kuzaa vema. Wangeweza kumwonyesha mgeni uzuri wa mji na kunyamaza juu ya maji. Hawakunyamaza. Naye Elisha hakuwagombeza, wala hakuwaambia wazoee. Aliomba chombo kipya chenye chumvi, akatoka, akaenda mpaka penye chemchemi yenyewe. Hapo ndipo Mungu alipoyaponya maji.

Sasa tuje karibu na nyakati zetu. Huko Marekani, katika jimbo la Michigan, uko mji uitwao Flint. Wakati wa habari hizi ulikuwa na watu karibu 100,000, wengi wao Waamerika Weusi, na wengi maskini. Walikuwa wakipata maji kutoka mji wa Detroit. Mwezi wa Aprili 2014, ili kupunguza gharama, wasimamizi wa mji waliacha maji hayo, wakaanza kutumia maji ya Mto Flint. Maji hayo yalikuwa makali, yenye kula chuma. Iko dawa ya fosfeti ambayo hutiwa majini ili ifanye ngozi nyembamba ndani ya mabomba, maji yasiguse madini. Detroit waliitia, Flint hawakuitia. Basi maji yakaanza kuyala mabomba ya zamani, na risasi, yale madini mazito yatumiwayo katika betri za magari, ikaingia katika vikombe vya watu.

Akina mama walibeba chupa za maji ya rangi ya kahawia mpaka mikutanoni. Wakaambiwa kwamba maji ni salama. Mwezi wa Oktoba 2014 kiwanda cha injini cha General Motors kiliacha kuyatumia, kwa sababu yalikuwa yakiharibu vyuma. Tulifikirie jambo hilo, wapendwa. Vyuma viliokolewa mapema, na watoto wakaendelea kuyanywa maji yale mwaka mmoja zaidi.

Mwezi wa Septemba 2015 daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, alionyesha kwamba watoto wa chini ya miaka mitano wenye risasi nyingi damuni walikuwa wameongezeka karibu mara mbili. Kwanza wakubwa walimpinga, baadaye wakakubali. Mwezi wa Oktoba mji ukarudia maji ya Detroit. Mwezi huo huo ilijulikana kwamba katika shule tatu risasi ilikuwa imepita kiwango. Mfereji mmoja ulitoa mikrogramu 101 kwa lita, na kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni 10. Watoto wakanyweshwa maji ya chupa kwa miaka kadhaa.

Risasi majini haionekani, haina harufu wala ladha. Lakini hudhuru ubongo wa mtoto, ikampunguzia uwezo wa kujifunza na kutulia. Mama mwenye mimba aweza kuharibikiwa. Tena hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama kwa mtoto. Twauza ng'ombe ili kulipa karo. Je, mfereji ulio nje ya darasa wamnyang'anya mtoto kile anachopewa ndani?

Huenda wasema, hayo ni ya Marekani. Lakini maji ni maji, na madini ni madini. Shule zetu nyingi hukinga maji ya mvua, nayo ni laini, na maji laini hula madini upesi. Risasi yaweza kuwamo katika mifereji ya shaba, katika lehemu ya viungo vya mabomba, na katika rangi kuukuu ya paa. Maji hulala bombani usiku, na Jumamosi, na Jumapili. Kwa hiyo mtoto afikaye wa kwanza Jumatatu, yule mwenye bidii, ndiye anywaye maji mabaya kuliko wote.

Hapa sisi wachungaji na wazee wa kanisa yatupasa kutubu. Twakaa katika halmashauri za shule. Twazungumza juu ya lango, na rangi ya ofisi, na matokeo ya mtihani. Mzazi akisimama na kusema maji yana uchungu, twamjibu, "Tutaliangalia," kisha twaenda kwenye jambo linalofuata. Kumbe uchungu ule waweza kuwa dalili kwamba maji yanakula chuma.

Basi tufanye nini? Tusidhani kuchemsha kunatosha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini risasi hubaki pale pale. Kila asubuhi maji ya kwanza yaachwe yatiririke, yakingwe kwa ndoo ya kufulia na kudekia. Maji ya kunywa na ya kupikia yawe ya baridi, kwa maana maji ya moto huyeyusha risasi zaidi. Kisha tuyapeleke maji yakapimwe maabara, na yachotwe asubuhi kabla mtu hajafungua mfereji. Tukiyapima baada ya kuyatiririsha sana, twajidanganya wenyewe. Ikionekana risasi, fundi na abadilishe mfereji au bomba lenye kasoro. Hiyo ndiyo safari ya kwenda penye chemchemi.

Ndugu msikilizaji, imani haituzuii kupima maji. Watu wa Yeriko waliusema ukweli kwanza, kisha wakauona uponyaji. Juma hili, kabla ya mkutano wa shule, mwulize mwalimu mkuu swali moja tu: maji haya yalipimwa lini?

Tuombe. Ee Baba, utusamehe kwa kuwa tumewanyamazisha waliotuletea habari ya kweli. Utupe masikio ya kumsikia mama mwenye chupa mkononi, na miguu ya kwenda penye chanzo cha mambo. Uwalinde watoto wetu wanapokunywa leo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.